Barua za Neno Moja

Kwa miaka kumi na tisa nimefundisha darasa la kwanza, na sijawahi kuwaomba watoto wanipende. Niliwaomba wasome, basi. Waliopita mikononi mwangu hawahesabiki. Yule muuguzi anayechoma sindano pale zahanati, yule dereva wa lori la maji, hata karani wa ofisi ya ardhi anayejifanya hanijui nikiingia, wote niliwashika vidole nikawaonyesha a iko wapi. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba wivu nitakaousimulia haukumpata mtu asiyeijua kazi.

Mwaka huu darasa lilifurika. Watoto themanini na wanne chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati, wengine sakafuni. Mwalimu mkuu akaleta mafundi, wakapitisha plaiwudi katikati ya chumba kutoka ukuta hadi ukuta, wakatoboa mlango wa pili, na upande ule akapewa mwalimu mpya. Daftari la mahudhurio likakatwa nusu kama mkate. Arobaini na wawili wa kwanza wakawa wangu, arobaini na wawili waliobaki wakawa wake. Wa mwisho kabisa katika daftari, namba themanini na nne, alikuwa binti yangu.

Ni kitindamimba, ndiyo maana nyumbani tunamwita Kitinda. Nilimpata nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nguo za watoto nimeshazigawa zamani. Ningeweza kumwendea mwalimu mkuu nikamwambia huyu abaki upande wangu, naye asingenikatalia. Sikwenda, kwa sababu ya aibu. Kitinda alikuwa hajui kusoma. Mimi niliyewafundisha watoto wa mtaa mzima, wa kwangu alinishinda. Likizo nzima tulikaa mezani jioni, mimi, yeye na kitabu. Nikiweka kidole kwenye neno, anatazama kidole. Nikisema "Soma," machozi yanajaa. Nikipandisha sauti, ndiyo kabisa, ulimi unajificha nyuma ya meno na hautoki mpaka asubuhi. Baba yake ni fundi cherehani, anashonea hapo hapo barazani, na kila nilipopandisha sauti alisimamisha mashine kidogo, halafu akaendelea. Hakusema neno, ila kule kusimamisha mashine kuliniuma kuliko kama angesema.

Basi nikamwacha Kitinda aende ng'ambo ya plaiwudi. Nilijiambia huyo mwalimu mpya naye atashindwa, na tutakuwa wawili tulioshindwa.

Huyo mwalimu mpya watoto walimpa jina siku ya kwanza tu: Mwalimu Mluzi. Alikuwa msichana mwembamba, anavaa raba za turubai kazini, na akitaka darasa linyamaze hapigi meza wala hapigi kelele. Anapiga mluzi. Mwanamke mzima, mwalimu, anabana midomo anapiga mluzi mmoja mrefu, na watoto arobaini na wawili wanakuwa kimya kama wamezimwa. Mimi walinipa jina la Mwalimu Rula miaka mingi iliyopita, na ninalijua ingawa wanadhani silijui. Kila asubuhi Mluzi alinikuta ofisini akaniinamia kidogo. "Shikamoo mwalimu." Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Lakini hiyo shikamoo yake ilinizeesha kila siku mwaka mmoja, na marahaba yangu ilitoka kwa kusukumwa.

Jumatatu ya wiki ya tatu tangu tugawanywe mwalimu mkuu alituita sote wawili. Ana tabia ya kupandisha miwani kwenye paji la uso halafu anaitafuta mezani.

"Ijumaa tutawasikiliza watoto wenu mmoja mmoja," alisema, mikono ikipapasa karatasi. "Wanaosoma watakwenda kwa mwalimu mpya, wapige mbio. Ambao bado, watakuja kwako, dada. Wewe ndiye mwenye uzoefu."

Kilemba cha ukoka hicho nilikivaa kimya. Maana yake ni kwamba msichana wa raba angechukua wale walioiva, nami nibaki na wabichi.

"Na ili yasizuke maneno, mtabadilishana. Wewe utasikiliza wake, yeye atasikiliza wako. Yule mdogo wako nitamsikiliza mwenyewe."

Hapo nilifanya hesabu ya haraka. Kitinda hajui kusoma. Asiyesoma anakuja kwangu. Ijumaa jioni mtoto wangu atakuwa wangu tena, na safari hii mchana kutwa, na nitakuwa na mwaka mzima wa kumfundisha pole pole mpaka asome. Atanisomea mimi. Hesabu hiyo niliimaliza kabla mwalimu mkuu hajaipata miwani yake, na iliniachia furaha ambayo sikuipenda nilipoitazama vizuri.

Nilirudi darasani nikaanza silabi. Mimi nafundisha kwa kuitikiana: naonyesha ubaoni, natamka, nao wanarudia kwa pamoja mpaka bati linatetemeka. Mpita njia akisikia anajua hapa pana shule. Ng'ambo ya plaiwudi hapakuwa na chochote cha namna hiyo. Ulisikika mluzi, kisha kimya, kisha miguu, dirisha likafungwa, mtu akaruka mara tatu, halafu kicheko cha darasa zima. Kisha kimya tena. Niliwasikiliza nusu saa nzima huku nikijifanya nasahihisha madaftari. Sikusikia silabi moja. Haki ya Mungu, nilisema moyoni, huyu binti hafundishi, anawachezesha.

"Mwalimu," aliuliza mtoto wangu mmoja wa dawati la mbele, "wale wanacheza nini?"

"Hawachezi. Wanachelewa. Haya, tuendelee."

Lakini hawakuendelea vizuri, kwa sababu masikio yao yalikuwa upande wa pili, na yangu pia. Katika vile vicheko nilikisikia kimoja ninachokijua. Kicheko cha mtoto wako hukitafuti, chenyewe kinakujia. Kitinda alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi, mwezi huo huo ambao mimi nilikuwa nimemwona analia jioni nne kwa wiki. Nilichukua rula nikagonga ubao kwa nguvu mpaka chaki ikadondoka.

Jumanne jioni nilikuwa nafua sare yake. Katika mfuko wa gauni nilikuta vipande viwili vya karatasi, vimekunjwa vidogo kama hirizi. Kimoja kimeandikwa kwa kalamu nyekundu, *Ruka*. Kingine, *Fanya kama paka*.

"Kitinda! Njoo hapa. Hizi nini?"

Alikuja mbio, akaviona mkononi mwangu, akasimama. "Barua zangu."

"Nani kakuandikia?"

"Mwalimu. Kila mtu anayo barua yake. Iko mfukoni ukutani. Asubuhi na baada ya mapumziko unaitoa, unaitazama, halafu unafanya."

"Unafanya nini?"

"Iliyosema."

"Na hii imesema nini?" Nikakiweka kidole kwenye karatasi.

Alitazama kidole. Midomo ikafunga. Kisha akanyoosha mkono haraka, akanipokonya vile vikaratasi viwili vyenye maji ya sabuni na kukimbilia chumbani. Nilimfuata nikamkuta anavianika juu ya godoro, pamoja na vingine saba au vinane alivyokuwa ameficha chini ya mto. Alivipanga kimoja kimoja, akinyoosha kona kwa kucha. Mimi mama yake, niliyemwandikia majina ya vyombo vyote vya jikoni kwenye makaratasi makubwa ambayo hakuwahi kuyatazama mara mbili.

Akilala mchana kesho nitavitafuta, nilijisemea. Sikusubiri. Alipokwenda kuoga tu, nikaingia nikavisoma vyote. Baba yake akanikuta nimepiga magoti kando ya kitanda.

"Mwalimu," alisema, sindano zikiwa bado mdomoni, "unapekua kama mke aliyenusa manukato kwenye shati la mumewe."

"Anamchezea mtoto wangu akili. Paka! Anamwambia afanye kama paka!"

"Na anafanya?"

"Nitajuaje? Mimi sipo."

Alitoa sindano mdomoni akazichomeka kwenye shati. "Ile mifuko ya ukutani ni mizuri, ujue. Nilitumia vipande vya nguo za watu."

Nilinyanyuka taratibu. "Wewe ndiye uliyeshona?"

"Alikuja kuomba vipande vya kubakia. Nikaona arobaini na miwili atashonaje peke yake kwa mkono."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungeniacha nishone?"

Usiku ule chakula nilipakua kimya kimya, na sehemu yake ilikuwa ndogo kidogo kuliko siku nyingine. Hakulalamika, alijua kosa lake.

Jumatano, wakati wa mapumziko, watoto wote wakiwa uwanjani, niliingia chumba cha Mluzi. Nilijiambia naenda kuazima kifutio. Mifuko ilikuwa ukutani safu sita, saba kwa kila safu, imepigiliwa vizuri, kila mmoja na namba yake. Namba themanini na nne ilikuwa mwishoni chini, na kitambaa chake nilikijua nikiwa bado mlangoni. Kilikuwa kipande cha gauni langu la bluu, lile la harusi ya dada yangu. Mume wangu alikuwa amemchagulia mtoto kitambaa cha mama yake, na angekuwa mtu mwingine angeguswa moyo. Mimi niliona gauni langu limepigiliwa misumari kwenye ukuta wa mwanamke mwingine.

Barua za baada ya mapumziko zilikuwa zimeshawekwa. Niliingiza vidole viwili nikaitoa ya Kitinda. *Njoo unishike mkono.*

Niliisoma mara tatu. Maneno matatu, naye bado nilikuwa nimemhesabu kuwa hajui hata moja. Ningepaswa kujiuliza mwalimu gani anamwandikia asiyesoma maneno matatu. Sikujiuliza. Nilichofikiria ni kwamba mwanangu, anayetembea nami njia nzima ya kurudi nyumbani akiwa ameshika mfuko wa gauni lake badala ya mkono wangu, ataambiwa na mwingine aje amshike mkono, naye ataenda. Niliikunja ile barua nikaitia kwenye sidiria, nikatoka. Kifutio nilikisahau.

Kengele ilipolia nilikaa karibu na plaiwudi. Mluzi ukapigwa, kimya, miguu ikaanza. Kisha nikasikia kilio kidogo, cha kujizuia.

"Yako haipo?" Ilikuwa sauti ya Mwalimu Mluzi. "Labda imeanguka. Basi usilie, ngoja nikuandikie nyingine nzuri zaidi."

Muda mfupi baadaye Kitinda alicheka, na darasa likacheka naye. Nilikuwa nimeiba barua ya mtoto wa miaka sita na bado nilikuwa nimeshindwa.

Jioni ile nikaamua na mimi naweza. Kama ni barua, mwandiko wangu unajulikana wilaya nzima, hata vyeti vya shule naandika mimi. Nilichukua karatasi safi nikaandika kwa herufi kubwa za duara, *Nipe mkono*. Niliiweka mezani mbele ya kikombe chake. Kitinda aliiona, akaifungua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, roho juu.

"Haya," nikasema. "Soma. Soma kwa sauti nisikie."

Akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo akainama. Niliihesabu dakika nzima kwenye saa ya ukutani, kisha nikaichukua karatasi.

"Umeona?" nilimwambia baba yake. "Hajui. Wiki tatu za paka na kuruka, na hajui."

Na moyo ulifurahi. Sitaficha, ulifurahi kwelikweli, kwa sababu Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Nao mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kuinuka kutoka mezani kabla sijafungua mdomo kusema soma. Niliuona kwa macho yangu, nikajitia hamnazo.

Alhamisi Mwalimu Mluzi alinifuata ofisini nikiwa peke yangu nachonga penseli. Baada ya shikamoo alibaki amesimama.

"Mwalimu, naomba unisaidie."

"Nikusaidie nini wewe?"

"Wangu wanasoma kwa macho. Nikiwaandikia wanafanya, hawakosei. Lakini kwa mdomo wanaona haya, na kesho watatakiwa kusoma kwa sauti. Wako wanavyoitikia hapo ng'ambo, wangu huwa wananyamaza kuwasikiliza. Nami nasikiliza. Unafanyaje?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Mtoto mwenye haya humsimamii mbele wala nyuma. Unakaa naye ubavu kwa ubavu, unatazama dirishani kana kwamba huna habari naye, unamwacha aanze kwa kunong'ona. Hilo nimelijua kabla yeye hajaota meno, na nimelitumia kwa watoto wa watu mara mia. Kwa Kitinda sijui kwa nini sikulitumia hata mara moja.

"Kila mtu ana njia yake," nilimwambia, nikaendelea kuchonga.

"Sawa, mwalimu." Alifika mlangoni akageuka. "Kitinda yuko mbele sana, lakini. Barua yake huwa ameshaifanya kabla wenzake hawajafungua zao."

"Usinipake mafuta. Mtoto wangu namjua."

Alinitazama kama mtu aliyejikwaa mahali asipotegemea kuna jiwe. Akaomba radhi, akaondoka. Penseli niliyokuwa nachonga ilikuwa imebaki kipande kama ncha ya kidole.

Ijumaa tulibadilishana vyumba. Mezani kwa Mluzi niliwekewa karatasi ya kusomwa na fomu ya kujaza. Fomu ilikuwa na namba za watoto upande wa kushoto na nafasi upande wa kulia, ambapo msikilizaji anaandika neno moja, *Anasoma* au *Bado*. Karatasi ya kusomwa ilikuwa na sentensi nne: *Mbuzi ameingia dukani. Amekula kofia ya muuzaji. Muuzaji anamkimbiza. Mbuzi anacheka.*

Watoto walisubiri nje kwenye kibaraza, wakawa wanaingia mmoja mmoja. Niliwakaribisha, nikawakalisha ubavuni, nikatazama dirishani. Wa kwanza alinong'ona, na kufikia kofia ya muuzaji alikuwa anasoma kwa sauti ya kutosha. Wa pili hivyo hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kuwakuta wameoza, nikawakuta wanasoma. Kati ya arobaini na mmoja, thelathini na watano nikawaandikia *Anasoma*, kila mmoja kwa haki yake. Kwa watoto wa watu nilikuwa mwadilifu mpaka mwisho, ingawa kila *Anasoma* niliyoiandika ilinichoma kama pasi.

Alibaki Kitinda. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, miwani kwenye paji la uso.

"Dada, kuna wageni ofisini, sitaweza. Huyo mdogo msikilize tu mwenyewe. Nani atakushuku wewe?" Akaenda zake.

Kitinda aliingia akaangalia kulia na kushoto. "Mwalimu mkuu yuko wapi?"

"Ana wageni. Utanisomea mimi."

"Afadhali," alisema, akavuta kiti.

Neno hilo lingetosha kuniyeyusha. Badala yake niliiweka karatasi mbele yake na kuweka kidole chini ya neno la kwanza. Niseme mkono ulifanya wenyewe kwa mazoea? Nitakuwa nadanganya. Nilijua ninachofanya. Kidole kilitulia pale, na nikamkazia macho usoni.

"Soma."

Alitazama kidole. Midomo ikafunga. Nilimwona akimeza mate. Kisha macho yake yakatoka kwenye kidole changu yakaenda mbele, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, yakashuka mstari wa pili. Yalipofika kwenye kofia, alitabasamu.

Nimefundisha miaka kumi na tisa. Mtoto akitabasamu mahali ambapo mbuzi amekula kofia, si mapema, si baadaye, mtoto huyo amesoma. Hakuna mtihani mwingine unaohitajika. Macho yakaendelea mpaka mbuzi akacheka, yakainuka yakanitazama, yakisubiri.

"Kwa sauti," nikasema.

Kimya.

"Utaratibu ni kusoma kwa sauti, Kitinda. Usiposoma siwezi kusema umesoma."

Kimya. Mikono ikaenda nyuma ya mgongo.

Nilimpa muda, si mwingi. Nilimwona kesho akiwa kwenye dawati la mbele upande wangu, akiitikia na wenzake, akirudi nyumbani ameshika mkono wangu, na siku moja ya baraka akifungua mdomo na kusoma, nami nikiwa pale. Nilimwona Mwalimu Mluzi akiwa na mfuko mmoja mtupu ukutani. Nikaivuta fomu, nikashuka mpaka mstari wa mwisho, na mbele ya namba themanini na nne nikaandika *Bado*. Niliandika kwa wino, kwa mwandiko wangu ule mzuri, herufi za duara zinazoonekana hata na mtu aliye mlangoni.

Kitinda alikuwa ameinama kidogo kuangalia. Hakuna aliyemwekea kidole, hakuna aliyemwambia soma.

"Bado," alisema.

Kalamu ilinisimama mkononi.

"Mama, namba themanini na nne ni mimi." Akaangalia juu kidogo, mstari wa themanini na tatu. "Anasoma." Akapanda wa themanini na mbili. "Anasoma." Wa themanini na moja. "Anasoma." Sauti ilitoka safi, bila kunong'ona, kama aliyekuwa akiitumia siku zote. Akarudi chini kwenye mstari wake. "Bado. Mimi bado nini, mama?"

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimengoja kumsikia akisoma, nikajiahidi nitakavyomnyanyua nimzungushe mpaka majirani watoke nje. Neno la kwanza mtoto wangu kunisomea kwa mdomo wake lilikuwa hilo, nami ndiye niliyeliandika.

"Nimekosea," nilisema. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Nilipiga mstari juu ya *Bado*, nikaandika *Anasoma* pembeni, nikatia sahihi kama inavyotakiwa ukikata neno kwenye fomu. Herufi zikawa mbovu. Kitinda aliifuata kalamu mpaka mwisho. Alisoma kimya kimya, na safari hii hakutabasamu.

Kengele ikalia. Mwalimu Mluzi aliingia kutoka upande wangu, fomu ya watoto wangu kwapani, akamwona Kitinda kwenye kiti.

"Ala! Kumbe umemsomea mama?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Si nilikuambia utaweza!" Alichuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto. "Haya niambie, mama alifurahi?"

Kitinda alinigeukia. Alinitazama muda mrefu, macho yakienda taratibu usoni mwangu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Alifurahi," alisema.

Mwalimu Mluzi akasimama akicheka, akampapasa kichwa. Kisha akanyoosha mkono mezani akaichukua fomu, akaanza kuisoma kuanzia juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.